Mbungo wa bondeni: shajara ya kuutambua mmea mmoja kwa mwaka mzima

14 Oktoba 2023, Kisarawe

Daftari hili nimelifungua kwa ajili ya mmea mmoja. Uko bondeni nyuma ya shamba la Babu, pale shamba linapokoma na msitu wa Pugu unapoanza, umeukumbatia mkuyu mkubwa ulio kando ya kijito. Shina lake chini ni nene kama paja la mtoto, limejisokota kama kamba ya jahazi, kisha linapanda na kupotelea juu kwenye matawi ambako jicho halifiki.

Babu anauita mbungo. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, mbungo ni mmea gani hasa?" Mabungo nimeyala tangu utotoni. Mama alikuwa akikamua juisi yake kila msimu na kuiuza kwa glasi barazani. Lakini nilipotaka kumjibu yule mtoto niligundua kwamba ninachokijua ni tunda, na mmea wenyewe siujui. Sijui jani lake, sijui ua lake. Nimesomesha baiolojia miaka kumi na moja.

Nimejaribu njia ya mkato: nikapiga picha majani na kuiuliza programu ya simu. Picha ya kwanza ikaleta jina, ya pili ikaleta jina jingine, ya tatu ikaleta mmea wa bustani usioota hapa kabisa. Vitabu navyo havikunitua. Kamusi za zamani zinauweka mbungo kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Landolphia, orodha za siku hizi zinasema Saba comorensis. Juu ya hayo, watu wa pwani wana majina matatu yanayoingiliana: mbungo, mtoria na mpira. Yote ni mimea inayopanda miti, yote ina utomvu mweupe, na yote huzaa matunda ya mviringo yanayoliwa.

Kwa hiyo mradi ni huu. Nataka kuutambua mmea wa bondeni kwa hakika, kwa kuutazama wenyewe mpaka useme ni nani. Nataka nijue unapenda kukaa wapi na kwa nini. Na mbegu zikipatikana, nioteshe miche.

21 Oktoba

Mmea hauna ua wala tunda, basi nimeandika yale yanayoonekana sasa.

Majani yametoka mawili mawili yakitazamana. Ni mazito kidogo, yanang'aa juu, kingo zake ni laini bila meno. Jani la kati nililolipima lina urefu wa sentimita 12 na upana wa 6. Ukivunja kikonyo, utomvu mweupe unatiririka mara moja, mzito kama maziwa ya kopo. Ncha za matawi zina vikono vigumu vilivyojikunja kama kulabu, na ndivyo vinavyoushikiza kwenye matawi ya mkuyu. Nimesoma kwamba vikono hivi kwa asili ni vikonyo vya maua vilivyobadilika kazi, nami nimekiona kimoja kilichobaki na kovu dogo kando, mahali ambapo pengine matumba yangekaa.

Utomvu mweupe na majani yanayotazamana yananipeleka kwenye familia ya Apocynaceae. Ni ukoo mkubwa, na una ndugu wema na ndugu wabaya. Mtandamboo, ambao watoto wote wa pwani wanaujua kwa matunda yake meusi matamu, ni wa humo. Na humo humo kuna Strophanthus kombe, mtambaazi wa misitu na vichaka vya huku kwetu, ambao mbegu zake zilipakwa kwenye mishale kuulia wanyama.

Habari ya Strophanthus nimewaeleza wanafunzi kwa makusudi, ili asiwepo wa kuonja kitu porini kwa kubahatisha. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Livingstone katika msafara wa Zambezi uliotoka mwaka 1858, aliweka sumu ya mishale kwenye mfuko uleule uliokuwa na mswaki wake. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Kutokana na tukio hilo mmea ule ukaja kuchunguzwa, na baadaye ikapatikana dawa ya moyo. Darasa lilinyamaza kimya. Mmoja akauliza kama mbungo unaweza kufanana na huo. Ukiwa hauna ua wala tunda, unaweza. Ndiyo maana tunasubiri.

4 Novemba

Mvua. Bonde limejaa, kijito kimepanda hadi magotini mwa mkuyu na njia ya kushukia imekuwa tope tupu. Redio inasema ni El Niño. Sikushuka.

18 Novemba

Nimekaa na Babu karibu mchana kutwa. Nilimkuta chini ya mwembe akichonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa akauliza, "Huyo mbungo wako amekwambia jina lake?"

Nikamwambia bado, Babu.

Akaniambia niache kupima majani, nijaribu utomvu. Tukashuka polepole kwa mkongojo wake, akachanja gome kidogo kwa ncha ya kisu, akachukua tone kati ya dole gumba na cha shahada, akawa anasugua na kuachanisha, anasugua na kuachanisha. Baada ya dakika chache utomvu ulikuwa umegeuka kitu kinachonata, hakivutiki. "Huu ni wa ulimbo," akasema. "Tulikuwa tunanasia ndege. Mpira wenyewe ukiufanya hivi unavutika uzi, ukiuachia unarudi."

Maneno haya yamenifungulia mlango mkubwa kuliko vipimo vyangu vyote, kwa sababu yanaafikiana na yaliyoandikwa. Kabla ya mashamba makubwa ya mpira wa Asia, mpira mwingi uliosafirishwa kutoka pwani yetu ulitoka msituni, kwenye mitambaazi. Watu waliuchanja, wakaugandisha, wakauviringisha kuwa madonge na kuyapeleka bandarini, Kilwa na Lindi yakiwa miongoni mwa masoko. Mtambaazi uliotoa mpira mzuri kupita wote hapa ni Landolphia kirkii, uliopewa jina la Kirk yuleyule wa mswaki, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Utomvu wa mbungo ulihesabiwa kuwa duni kwa sababu unanata. Wanunuzi hawakuutaka. Bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913, biashara ya mpira wa msituni ikafa nayo.

Nimekuwa nikilifikiria neno lenyewe. Tunasema mpira wa kuchezea, mpira wa maji, mpira wa gari, tunasema "twende mpirani", na chini ya maneno yote hayo kuna mmea uliokuwa ukipanda miti ya msitu huu. Mtoto anayepiga danadana uwanjani hajui kwamba neno analolitaja limetoka porini, hatua mia chache tu kutoka golini. Nataka wanafunzi wangu wajue.

Babu anasema baba yake aligema mpira. Hakuongeza neno, nami sikumhimiza.

9 Desemba

Leo nimefuta kurasa nne. Naandika ilivyokuwa ili nisirudie.

Wiki mbili zilizopita nilipata mtambaazi mwingine juu mgongoni mwa kilima, mahali pakavu penye mchanga mwekundu, na nikaamini ni mbungo uleule. Nikachuma majani yake, nikayatia kwenye mfuko mmoja na ya bondeni, nikapima yote pamoja. Vipimo vikatoka vya ajabu, vingine sentimita 12, vingine 6, na nikaandika kwamba "majani hutofautiana sana kwa ukubwa". Jana usiku nikayamwaga mezani chini ya taa nikiwa na lenzi ya mkononi, na yakajitenga yenyewe mafungu mawili. La bondeni ni pana, halina nywele popote. La kilimani ni dogo na jembamba, mishipa yake ya pembeni ni mingi na imekaribiana, na matawi yake machanga yana nywele za kahawia unazozihisi ukipitisha kidole.

Leo asubuhi nilipanda kilimani na kufanya kama Babu. Utomvu ukavutika uzi. Nikauachia, ukarudi.

Basi ule wa kilimani ni mpira, Landolphia kirkii, na mimi nilikuwa nimeichanganya mimea miwili katika maelezo yenye jina moja. Kosa hili ni baya kwa sababu lingeingia kwa wanafunzi likiwa na sura ya ukweli. Tangu leo kila mmea una utepe wake na namba yake: B1 ni wa bondeni, K1 wa kilimani. Hakuna jani linaloingia mfukoni bila namba.

30 Desemba

B1 una matumba! Yamefungana katika vishada kwenye ncha za matawi, meupe ya kijani, marefu, yamechongoka. Nimeyaona kwa darubini ya kuazima, maana yako juu mno. Tawi moja tu limening'inia upande wa kijito, na hilo ndilo ninaloliombea.

6 Januari 2024

Umechanua.

Nilisikia harufu kabla sijaona. Ni harufu nzito, tamu, iliyo karibu na ya asumini lakini yenye kitu kingine ndani yake, kama tunda linaloanza kuiva. Nilipofika chini ya mkuyu maji ya kijito yalikuwa yamebeba maua yaliyodondoka, yanazunguka penye kina kama yaliyomwagwa na mwari.

Nimekaa pale kwa muda wa saa tatu. Naandika kila nilichoona, maana ua ndilo lililokuwa likisubiriwa.

Ua ni jeupe, koo lake ni la njano. Lina petali tano zilizoungana chini kuwa mrija, na mrija una urefu wa milimita 17 kwa rula yangu. Petali zenyewe ni ndefu kidogo kuliko mrija, zimetandazika, hata ua zima likifunguka lina upana wa sentimita nne na ushee. Nililipasua moja kwa wembe: stameni, zile zenye chavua, zimejificha ndani ya mrija mahali palipotanuka kidogo, hazichomozi nje. Kokwa ya kizazi, ile inayokuja kuwa tunda, ni moja, mviringo.

Halafu tumba. Petali za Apocynaceae katika tumba husokotana, na upande zinakosokotana una maana. Kwenye kundi la mbungo na ndugu zake wa Landolphia, petali hulaliana kwenda kushoto. Kwenye Strophanthus hulaliana kwenda kulia. Nilichukua matumba matano, nikayatazama moja moja kwa lenzi. Yote matano, kushoto. Tena petali za Strophanthus kombe huwa na mikia mirefu inayoning'inia kama kamba, hizi hazina mkia wowote. Kokwa moja ya mviringo nayo inaagua tunda moja la mviringo, wakati Strophanthus huzaa maganda mawili marefu yenye mbegu za manyoya. Ule wasiwasi nilioubeba tangu Oktoba leo nimeutua.

Wabaki ndugu wa karibu. Landolphia kirkii ua lake ni dogo sana, mrija wake ni milimita chache tu, basi huyo hayupo. Ancylobothrys petersiana huweka maua katika kishada kirefu chenye nywele za rangi ya kutu, na petali zake ni nyembamba. Kishada cha B1 ni kifupi, kipana, hakina unywele hata mmoja.

Mbungo wa Babu ni Saba comorensis.

Nimeandika sentensi hiyo kwa kalamu ya wino, na nilipomaliza nikaisoma kwa sauti kijitoni kama mtu anayeita jina la mgeni aliyefika.

7 Januari

Jina lenyewe lina safari yake. Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea aliyeishi Morisi na kuzuru mwambao wetu na visiwa vyake mwaka 1824, ndiye aliyeupa mmea huu jina la visiwa vya Komoro, na jina hilo likachapishwa mwaka 1844. Kwa muda mrefu ukahesabiwa miongoni mwa Landolphia, jenasi iliyoitwa kwa heshima ya nahodha Mfaransa, Landolphe. Mwaka 1953 Marcel Pichon aliupanga upya ukoo huu na kuuweka mbungo kwenye jenasi ya Saba, yenye spishi tatu tu, zote za Afrika. Ndiyo sababu kamusi yangu ya zamani na orodha mpya hazikupatana: zinautaja mmea mmoja, kila moja kwa jina la zama zake.

Ndugu yake wa Afrika Magharibi, Saba senegalensis, huitwa madd huko Senegali, na watu hulila tunda lake kwa sukari au kwa chumvi na pilipili. Nilipowasomea wanafunzi hilo, darasa zima likapiga kelele, maana ndivyo wanavyokula wao.

3 Februari

Jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili. Harufu inazidi giza linapoingia. Ua jeupe lenye mrija mrefu na harufu ya usiku kwa kawaida linamwita nondo mwenye ulimi mrefu, na nimewaona wawili wakubwa wakielea mbele ya maua bila kutua. Sikuwashika. Pia nilimsikia komba juu ya mkuyu, mlio mfupi wa kujirudia. Pugu ni mojawapo ya misitu michache ya pwani ya Tanzania anakoishi komba mdogo wa Rondo, ambaye hapatikani kwingine duniani. Kama ni yeye niliyemsikia, sidai. Lakini nilikaa kimya muda mrefu.

16 Machi

Nimemaliza kuzunguka. Jumamosi nne, mimi na kijana wa jirani, tukifuata ukingo wa msitu na kuingia ndani kwa kibali cha ofisi ya misitu, tukitafuta mbungo na kuandika kila mahali ulipo: udongo, maji, mti uliopandwa, kivuli.

Picha imekuja wazi. Mbungo unapenda mabonde. Mimea mikubwa yote tuliyoiona ilikuwa karibu na kijito, hata kile kinachokauka kiangazi, au kwenye mteremko wa chini ambako udongo ni mweusi na unashika unyevu. Juu kilimani kwenye mchanga mkavu tunapata mpira, na mbungo hakuna. Tukiwa ndani kabisa ya msitu tuliona mashina yake manene yakipanda, lakini majani na maua yako darini kwenye jua. Chini ya kivuli kizito kuna miche michache iliyodumaa, inasubiri mwanga. Ukingoni, ambako jua linaingia kwa pembeni, ndiko unakochanua chini chini na kuzaa sana.

Nahisi hilo limewapa watu picha isiyo sahihi. Kwa kuwa tunauona ukingoni tunadhani ni mmea wa vichakani, unaoweza kuota popote. Nionavyo mimi, una mahitaji mawili kwa pamoja: miguu kwenye unyevu na kivuli, kichwa juani. Anayempa vyote viwili ni mti mkubwa wa bondeni. Mkuyu, mvule, mtandarusi. Kwa hiyo mti ule ukiondoka, mbungo haubaki.

Na miti inaondoka. Jumamosi ya tatu tulifika bonde moja ambalo Babu alituelekeza, alikokuwa akiokota mabungo akiwa kijana. Tukakuta tanuri la mkaa, bado la moto, na karibu yake visiki vinne. Juu ya kisiki kimoja lilikuwa limekatwa shina la mbungo nene kuliko la B1. Halifai mkaa, limekatwa tu kwa kuwa lilizuia mti usianguke. Utomvu ulikuwa umekauka na kuwa mweusi juu ya mkato. Kuna watu wamelifunga panga kiunoni na wameacha pale kitu kilichochukua maisha ya mtu mzima kukua, na sitaki kuandika kwamba nawaelewa. Najua mkaa unakwenda Dar es Salaam, najua na mimi nimepikia mkaa. Bado nimekasirika. Kijana wa jirani alisimama pale kwa muda, kisha akalichukua lile shina na kulipeleka kando ya kijito, akaliegemeza. Hatukuzungumza njia nzima.

5 Mei

Kimbunga Hidaya. Juzi na jana upepo ulivuma kutoka baharini, vivuko vikasimamishwa, na sisi tuliofunga milango tukawa tunasikia miti ikilia. Nilitoka leo alfajiri moja kwa moja bondeni.

Tawi kubwa la mkuyu limeanguka, na limeshuka na sehemu ya B1. Nilidhani nitakuta msiba. Lakini mbungo haukukatika. Shina lake lililosokotana limejinyoosha tu, likalala chini na matunda machanga ya kijani yakiwa bado yameshikilia. Nimehesabu 23. Kwa mara ya kwanza naweza kuyagusa. Babu aliposikia akacheka kwa sauti, "Amekushukia mwenyewe!"

Tumezungushia miiba ya mtandamboo, mbuzi wasifike.

20 Julai

Mabungo ya B1 yameiva. Ganda limekuwa la rangi ya chungwa, gumu, lenye vipele vidogo, na likiiva linatoa harufu ukilikaribia. Lililo kubwa lina kipenyo cha sentimita 7. Ndani kuna mbegu nyingi, kila moja imevikwa nyama ya rangi ya chungwa yenye nyuzi laini, chachu na tamu kwa wakati mmoja. Utomvu wa ganda bado unanata: nilipaka mafuta ya nazi mikononi kwanza kama tunavyofanya kwa fenesi, na bado vidole vilishikana.

Yaliyoanguka chini ya mkuyu yalikuwa yametobolewa. Ngedere wamewahi. Wanafyonza nyama na kumeza baadhi ya mbegu, nyingine wanazitema wakiwa juu ya mti mwingine, na huo ndio usafiri wa mbungo. Nilipata mbegu safi kwenye kinyesi chao hatua arobaini kutoka B1, chini ya mkuyu mwingine, mchanga kuliko huu.

Nilichukua matunda kumi, mengine nikawaachia. Juisi nimeitengeneza kama Mama. Unapasua, unatoa mbegu na nyama yake, unaloweka kwa maji kiasi, kisha unafikicha kwa mkono mpaka nyama iachie. Siku hizi wengi wanatia kwenye blenda, na si vibaya, mradi ubonyeze kidogo kidogo bila kuvunja mbegu, kwani ikivunjika juisi inakuwa chungu. Unachuja, unatia sukari, na Mama alikuwa akiongeza iliki mbili zilizopondwa. Nilipoonja nilimsikia kabisa akisema, "Usimalize, kuna wateja."

Nimemimina glasi ya kwanza, nikampelekea Babu. Yule mwanafunzi wa swali la Oktoba amepata ya pili, na safari hii nilimwonyesha kwanza jani, nikamwonyesha ua lililokaushwa, halafu tunda.

17 Agosti

Mbegu nilizipanda siku ileile ya juisi, baada ya kuziosha, kwa sababu mbegu zenye unyevu za namna hii hazivumilii kukaa. Fungu moja nilianika wiki mbili ili nilinganishe, na hilo halijatoa kitu. Zilizopandwa mbichi zimeanza kuchomoza. Majani ya kwanza ni mawili, yanatazamana, na ukikwaruza kijishina kidogo kwa ukucha, kuna tone jeupe.

Kielelezo cha B1, tawi lenye maua lililokaushwa ndani ya magazeti tangu Januari, pamoja na jani, kikono na tunda lililopasuliwa, nimekiandikia karatasi yake: mahali, tarehe, udongo, mti ulioubeba, na majina yote mawili, mbungo na Saba comorensis. Wiki ijayo kinakwenda hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cha K1 kinasubiri ua.

Miche nimeiweka chini ya mwembe wa Babu, kwenye kivuli, ardhi ikiwa na unyevu. Babu ameshachagua pa kuipeleka vuli ikianza: saba kwenye mkuyu mchanga, ule ambao ngedere walikuwa wameuchagua kabla yetu, na iliyobaki kule kwenye bonde la tanuri, ambako kisiki kimoja cha mvule kimetoa chipukizi tatu. Chipukizi zile bado ni fupi kuliko mimi. Tumekubaliana kuupanda mbungo mmoja kwenye mguu wa kila moja, na kwa miaka ya mwanzo tutausimikia mti mkavu wa kujishikilia.